Kona ya Majimaji Nyuma ya Nyumba: Jinsi Nilivyoistawisha Asklepia ya Kinamasi

Nyuma ya nyumba tuliyohamia mwaka 2017 katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, palikuwa na kona ya takriban mita nne kwa tatu ambayo haikukauka tangu theluji ilipoyeyuka mwezi Aprili hadi katikati ya Juni. Maji ya paa letu na ya kiwanja cha jirani yaliteremkia pale, na udongo wa mfinyanzi ukayashika. Nyasi zilioza, mashine ya kuzikata ilizama, na fundi niliyemwita alipendekeza kuchimba mtaro na kulaza bomba la kuyatoa maji hadi barabarani, kazi ambayo gharama yake ilizidi uwezo wetu kwa mwaka ule. Nilipomweleza mama kwa simu, yeye akiwa Lushoto, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kwa nini ukaushe kitivo?" Kwetu Usambara kitivo ni ardhi ya bondeni inayobaki na unyevu hata mvua zikishakatika, na hakuna mkulima anayeiacha bure. Swali lile ndilo lililonifanya nitafute mmea unaopenda mahali kama pale, badala ya kutafuta namna ya kupageuza mahali penyewe.

Kwanza nilipima. Nilichimba shimo la kina cha sentimita 30, nikalijaza maji jioni, na asubuhi yake nikakuta zaidi ya nusu yangali humo. Nilihesabu pia saa za jua, nikapata saba kwa siku ya kiangazi. Vipimo hivyo viwili, maji yanayotuama na jua la kutosha, vilinielekeza kwenye ua la porini ambalo wenyeji wanaliita kwa jina lenye maana ya gugu la maziwa la kinamasi, na ambalo kitaalamu ni Asclepias incarnata; mimi ninaliita asklepia ya kinamasi. Ni mmea wa kudumu: mashina yake hufa kila mwaka baridi inapoingia, lakini mizizi hubaki hai chini ya ardhi iliyoganda na kuchipua tena. Huota wenyewe kandokando ya maziwa, mito na mabwawa katika sehemu kubwa ya Marekani na kusini mwa Kanada, hufikia urefu wa mita moja hadi moja na nusu, na hutoa mashada ya maua ya waridi yenye harufu inayokaribia ile ya vanila.

Hapa ni lazima nieleze tofauti ambayo ingenigharimu sana kama nisingeifahamu mapema. Ukoo wa asklepia ni mkubwa, na jamaa zake hawafanani tabia. Asclepias syriaca, ile ya mashambani, hutambaa kwa mizizi chini ya ardhi na kuchomoza kila mahali, hata katikati ya mboga. Asclepias tuberosa, yenye maua ya rangi ya chungwa, ina mzizi mmoja mnene unaozama chini sana, nayo huoza kwenye udongo uliolowa. Asclepias curassavica, ambayo wengi wetu tumeiona Afrika Mashariki kama gugu lenye maua mekundu na ya manjano, ni ya nchi za joto na haivumilii baridi ya Minnesota. Ile ya kinamasi hukua kwa kichaka kinachotulia mahali pake, na mizizi yake myeupe, mingi na iliyosokotana huweza kuishi kwenye tope lenye hewa kidogo. Kwa bustani ndogo yenye maji, sijaona katika ukoo ule mwingine unaofaa kuliko huo.

Jaribio langu la kwanza halikufanikiwa. Mwezi Aprili 2018 nilipanda mbegu 40 kwenye trei, nikaziweka dirishani penye joto, nikazimwagilia kwa mwezi mzima, na zilizoota zilikuwa mbili. Nilidhani mbegu zilikuwa mbovu. Kumbe mbegu ya asklepia hii huanguka ardhini wakati baridi inakaribia, na ndani yake mna kizuizi kinachoizuia kuota hadi ipite kwenye unyevu na ubaridi kwa wiki kadhaa. Bila kizuizi hicho ingechipua siku chache za joto za mwisho wa mwaka na kuuawa na barafu. Mimi niliyezoea mbegu ya maharage, inayotaka joto na maji tu, sikuwahi kufikiri kwamba kuna mbegu inayohitaji baridi kwanza ndipo iamke.

Mwezi Desemba mwaka huohuo nilichukua madumu ya maziwa ya plastiki, nikayakata katikati, nikatoboa matundu chini, nikajaza udongo laini, nikasambaza mbegu na kuzifunika kwa udongo usiozidi nusu sentimita. Nilirudisha sehemu ya juu, nikaziba kwa gundi ya karatasi na kuacha mdomo wazi ili theluji na mvua viingie, kisha nikayaacha madumu nje upande wa kaskazini wa nyumba. Zilipita siku za nyuzi 28 chini ya sifuri. Mwezi Mei miche 31 ilikuwa imesimama. Asiye na mahali pa kuyaweka madumu anaweza kuzikunja mbegu katika karatasi yenye unyevu, akazitia kwenye mfuko na kuziweka kwenye jokofu kwa siku 30 hadi 60, ingawa kwangu njia ya madumu imenipa miche imara zaidi kwa sababu haikuhamishwa kutoka joto la ndani.

Nilichagua miche 12 na kuihamishia kwenye kona mwishoni mwa Mei, nikiacha sentimita 50 kati ya mche na mche. Sikutia mbolea yoyote. Niliweka matandazo ya majani makavu, na mwezi Julai mvua zilipopungua nilimwagilia, kwa maana miche ya mwaka wa kwanza haijashika bado, hata kama mmea uliokomaa unaweza kuvumilia kipindi kifupi cha ukavu.

Mwaka uliofuata nilikaribia kuharibu kazi yote. Mimea mingine ilichipua mwezi Aprili. Pale palikuwa kimya. Tarehe 18 Mei nilichukua jembe nikiwa na hakika kwamba baridi imeiua, na jirani yangu, bibi mwenye bustani ya miaka mingi, akanisihi nisubiri wiki mbili. Ilichomoza kabla ya wiki kwisha. Asklepia hungoja udongo upate joto, na udongo uliojaa maji huchelewa kupata joto kuliko mwingine wote. Tangu hapo, mwezi Oktoba ninapopunguza mashina yaliyokauka, ninabakiza vigutu vya sentimita 30 ili vinionyeshe mmea ulipo.

Maua yalianza Julai 2020, nami nilikaa nayo kwa saa nyingi mwaka ule ambao hatukuweza kutoka. Chavua ya ua hili si vumbi kama ya maua mengi. Imefungwa katika vifuko viwili vya manjano vilivyounganishwa, na mdudu anayekuja kunywa mbochi huteleza, mguu wake ukaingia kwenye ufa mwembamba wa ua, na anapouvuta hutoka na vifuko hivyo hadi ua lingine. Nyuki-bambi wakubwa hufaulu. Nzi wadogo wakati mwingine hukwama na kufa. Niliwaona nyuki wenye vifuko vya manjano miguuni mithili ya njuga, na nikaelewa kwa nini katika mamia ya maua ya kichaka kimoja maganda ya mbegu hayazidi machache.

Kisha akaja kipepeo monaki. Jike hutaga yai mojamoja chini ya jani, na viwavi wake hawali kitu kingine isipokuwa asklepia. Sumu iliyo katika utomvu wake mweupe huwakinga dhidi ya ndege. Wale wanaozaliwa huku mwishoni mwa kiangazi huruka zaidi ya kilomita 2,500 hadi misitu ya milimani ya kati ya Meksiko, mahali ambapo wanasayansi walipatambua mwaka 1975 tu. Mwezi Agosti 2021 nilihesabu viwavi 17 kwenye kona ile iliyokusudiwa kulazwa bomba. Yeyote atakayenunua miche dukani na aulize kwanza kama imepuliziwa dawa ya wadudu, kwa kuwa dawa iliyofyonzwa na majani humuua kiwavi.

Vidukari wa manjano huja kila mwaka na kufunika vilele vya mashina. Nisingependa mtu apulize dawa hapo, wala hata maji ya sabuni kabla ya kukagua mayai. Mimi huwatoa kwa vidole au kwa maji ya bomba ya kasi, kisha ninaosha mikono vizuri, maana utomvu ukiingia jichoni huumiza vibaya. Kwa upande wa nyuma nimepanda yungiyungi wa bluu wa kienyeji, Iris versicolor, anayechanua Juni, na pembeni Lobelia cardinalis mwekundu anayeendelea hadi Septemba; asklepia inashika katikati.

Mama aliomba nimtumie mbegu kwa ajili ya kitivo chake. Nilimkatalia kwa heshima, nikamwambia kwamba mmea uliotolewa kwao unaweza kuwa gugu la kuwatesa wakulima wa kule, na kwamba monaki hatamfikia. Nikamtajia ndugu wa monaki aliye kwetu, Danaus chrysippus, mwenye mabawa ya chungwa yenye ncha nyeusi na nyeupe, ambaye viwavi wake hula mimea ya utomvu mweupe ya jamii hiyohiyo. Wiki iliyofuata mama aliniambia kwamba ameuacha mmea mmoja wa aina hiyo kando ya mfereji, ambao awali alikuwa akiung'oa kila palizi.