Mwenyeji Apoe: Nilivyojifunza Kufunika Stika kwa Epoksi

Trei ya kwanza ninayo mpaka leo, uvunguni mwa kitanda, na bado inanata. Yamepita masika mawili. Ukiigusa inakushika kidole kama gubiti.

Mie kazi yangu ni trei za mbao za kuandalia kahawa, nafanyia uwani kwangu huku Fuoni, Unguja. Seremala ananikatia mbao za mwembe, sentimita 30 kwa 40 na ukingo mdogo. Kijana mmoja Darajani, yule anayebandika majina kwenye daladala na bodaboda, ananikatia maneno kwa karatasi ya vinili, ile plastiki ya kubandika. Watu walizipenda, lakini stika peke yake haina umri. Trei ikifutwa kwa kitambaa cha maji mara tatu nne, herufi inanyanyua pembe, na pembe ikinyanyuka tu watoto wanaimalizia kwa kucha. Wifi yangu ndiye aliyenionesha video za watu wanaomimina kitu kama asali juu ya mbao, kesho yake kimekuwa kioo. Akaagiza trei sita za harusi baada ya Iddi, akanipa na pesa ya mwanzo, kwa hiyo nikawa sina pa kukimbilia.

Kitu chenyewe ndiyo epoksi. Niliagizia Dar, ikaja chupa mbili: moja rezini, ile nzito kama asali, moja hadena, ya kuigandisha. Ilinila elfu khamsini na kitu, na nauli ya boti juu yake.

Sasa nikafanya kosa la kuomba ushauri. Mtaa wa pili yupo mzee anayetengeneza boti za faiba, namwita Ami, fundi wa kweli, boti zake ziko baharini miaka. Akaitazama chupa, akatazama mbingu, mvua imetanda. "Mwanangu, hewa kama hii zidisha hadena. Mie nikitaka boti ikauke kabla ya Alasiri naongeza matone, basi."

Nani mie nibishane na mwenye boti? Nikazidisha. Karibu mara mbili.

Siku ya kwanza ikanata, nikasema mvua. Siku ya pili ikanata. Siku ya tatu akaja nzi akatua juu ya neno "mgeni" na hakuondoka tena. Siku ya nne paka wa jirani alipita juu yake usiku, na nnakwambia mpaka leo nyayo zake ziko pale, vidole vinne vinne, na manyoya kidogo kama kumbukumbu. Nilipomrudia Ami akanambia, "Basi hukuzidisha ya kutosha."

Nilikuja kulielewa jambo lenyewe kwa kusoma maandishi madogo ya kwenye chupa, ambayo ningeyasoma mwanzo ningeokoa trei. Ile rezini ya boti ni poliesta. Hadena yake ni kichochezi tu, asilimia moja au mbili, inaamsha kazi na kazi inajiendesha yenyewe, ndiyo maana Ami anaweza kucheza na matone. Epoksi siyo hivyo. Hadena yake ni sehemu ya kitu chenyewe, inashikana na rezini mkono kwa mkono. Ukizidisha, inayobaki haina wa kushikana naye, inakaa humo mbichi milele. Yangu ni moja kwa moja, kikombe kwa kikombe. Zipo za mbili kwa moja, kwa hiyo usiige yangu, soma chupa yako. Na ni kikombe, siyo mizani: jirani yangu alipima zake kwa mzani wa duka, gramu kwa gramu, zikamgomea, kwa sababu hadena ni nyepesi kuliko rezini na chupa ilisema ujazo. Mie sasa nanunua mabomba ya sindano duka la dawa, moja la rezini, moja la hadena, na hayabadilishani hata siku moja.

Ami, kwa wema wake, alinipa pia kopo la rezini yake bure nijaribie. Nyumba ikanuka mpaka mama mkwe akahamia barazani. Herufi nyekundu zikakunjamana kama vidole vya mtu aliyefua tangu asubuhi. Poliesta inaila vinili. Hiyo ndiyo trei ya pili, na sina zaidi ya kusema juu yake.

Trei ya tatu ndiyo iliyonipa jina mtaani. Nilipima sawasawa, nikakoroga taratibu dakika nne huku nakwangua pembeni na chini, nikamimina juu ya maneno "Mgeni njoo mwenyeji apone". Nikaona mapovu. Mengi! Yanatoka kwenye mbao moja moja kama samaki anapumua. Watu wa video wanapitisha moto juu, mapovu yanapasuka. Nikachukua kiberiti cha gesi, nikapitisha. Yakapasuka, yakaja mengine. Nikapitisha tena, safari hii nikakaa kidogo. Povu lilikuwa limekaa karibu na herufi "n" ya "apone". Vinili ikipata joto inajikunja, na "n" ikajikunja kama kamba wa kukaanga, ikang'oka, ikaanza kuelea kwenda ukingoni mbele ya macho yangu. Nikaifuata kwa kijiti cha meno. Nikaisukuma, ikazama. Asubuhi ikawa imekauka vizuri mno, ngumu, inang'aa, na inasomeka: Mgeni njoo mwenyeji apo e.

Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Hiyo trei hakuiacha, aliichukua yeye, na akija mgeni asiyempenda ndiyo anayoitoa.

Lakini mapovu yale yalinikera kuliko "n". Mbao ina hewa ndani, na mchana joto linapopanda hewa inatanuka inatoka, inapita kwenye rezini yako. Basi nikafikiri: ikiwa inapumua nje ikipata joto, si itavuta ndani ikipoa? Nikaianika mbao juani tangu saa nne mpaka Adhuhuri, ikawa moto wa kushikika, nikaiingiza ndani kivulini na papo hapo nikaipaka epoksi nyembamba kwa kipande cha sponji. Ile mbao inapoa, inavuta. Rezini ikanywewa kama maji kwenye mchanga, na povu hata moja halikutoka. Nilikaa nikaitazama nusu saa nzima, wali ukaungua jikoni, sikujali.

Tena hapo ndipo nilipogundua kuwa stika haitakiwi kukaa juu ya mbao tupu kabisa. Koti la mwanzo, yaani ule mpako mwembamba, likishakauka, piga msasa mwepesi wa namba 220, futa vumbi, bandika maneno juu ya uso huo laini. Yanashika maradufu. Yakandamize kwa kadi ya simu, hasa ncha za herufi nyembamba, uyaache yalale usiku mmoja. Ile karatasi ya juu inayobeba herufi ikiacha gundi, futa kwa spiriti kidogo, la sivyo rezini itajitenga na kufanya vishimo. Mikono yenye mafuta pia: nilisonga chapati siku moja kisha nikashika trei, na alama za dole gumba langu zikaonekana kama za polisi. Kisha koti jembamba la brashi juu ya herufi, kuziba kingo zake tu. Ndipo unamimina lile la mwisho. Kwa trei yangu mililita 180 zinatosha, kimo cha milimita moja na nusu, na trei ipime kwa pimamaji, povu lake liwe katikati, au rezini yote itahamia upande mmoja. Masalia ya kwenye kikombe usiyakwangue juu ya trei, pale pembeni pana yasiyochanganyika, utapata madoa laini.

Vumbi nililihangaikia. Mwanzo nilifunika kwa kawa. Wazo zuri, la kienyeji, na kawa la bibi likadondosha vumbi la ukindu la miaka ishirini moja kwa moja kwenye rezini. Sasa nafunika kwa beseni la plastiki lililofutwa kwa kitambaa kibichi.

Likabaki unyevu. Masika hapa nguo haikauki siku tatu, na epoksi ikikauka kwenye hewa hiyo inaota utando wa mafuta mafuta juu. Watu wanadhani imeharibika, wanaipiga msasa, na msasa unausambaza tu. Uoshe kwa maji na sabuni kwanza, unatoka wote, kisha ndiyo msasa. Ila bora usiote. Mie nilikuwa na sanduku la mbao nililolelea vifaranga, na balbu yake ya zamani inayotoa joto. Nikalisafisha (mara tatu, manyoya yana roho ngumu), nikaweka trei chini na balbu juu mbali nayo, na tundu la kupitisha hewa. Joto linakausha hewa ya ndani, saa 24 trei inashikika. Hilo ni kwa koti la mwisho tu. Ukiliweka la mwanzo humo, mbao itaanza kupumua tena na utanilaumu mie.

Glavu vaa, na dirisha fungua. Mie nilitoka vipele mkono wa kushoto wiki mbili.

Trei za harusi nilizimaliza sita zote, faida sijui, nikipiga hesabu naona haya. Siku ya harusi mtu akatua birika la kahawa, moto kutoka jikoni, juu ya trei tupu, likaacha duara. Epoksi hizi za kawaida zinalainika kwenye joto la birika. Tangu hapo kila trei naiuza na kijamvi kidogo cha ukindu cha kuwekea birika.

Mwezi uliopita Ami alikuja kuagiza ya kwake, iandikwe jina la boti yake. Nikamwambia siku saba ndiyo ikaze kabisa. Akaja siku ya tatu, akakandamiza dole gumba katikati, akaligeuza kulitazama, akaitazama trei. Hakuna alama.

"Hadena ulizidisha," akasema.

"Nusu kwa nusu, Ami."

Akalipa, akachukua na kijamvi chake.