Mwanangu, mimi na kanga ya doti moja

Nyumbani mwanangu ni jemadari. Ana miaka minne, lakini kwenye kombolela hata watoto wanaomzidi humfuata akisema twende. Kwa hiyo Jumamosi ile ya kwanza nilipompeleka kwenye kikundi cha watoto hapa Ngamiani, Tanga, nilitembea kifua mbele, kama mtu anayempeleka mchezaji wake uwanja wa Mkwakwani.

Alinitia aibu. Tuko akina mama sita wa mitaa ya jirani, tunachanga pesa ya uji, na watoto wanacheza uani chini ya mkungu kuanzia saa tatu mpaka saa tano. Anayewaongoza ni mama mtu mzima aliyestaafu kufundisha chekechea. Sote twamwita Bi Mwalimu. Wenzake walipotengeneza duara, wangu alijifunika kanga yangu mpaka kichwani. Mpira wa matambara ulipomfikia, badala ya kumpa wa pembeni, aliurusha kwenye sufuria ya uji. Akanitazama. Nilipomkaripia akacheka, kisha akalia, kisha akataka kubebwa.

“Anadeka tu huyo,” shoga yangu mmoja akasema. Nami niliamini hivyo.

Bi Mwalimu hakusema kitu. Baadaye kidogo akaniambia, “Mwanangu, nenda kanichotee maji.” Niliporudi na ndoo nilisimama nje nikachungulia kwenye ua wa makuti. Mtoto yule yule alikuwa ndani ya duara, amemshika mkono mdogo wake wa kuazima, anamwonyesha namna ya kuruka. Nilifurahi, na sifichi, niliona wivu pia. Nilipoingia tu, uso ukamvurugika, akaja mbio kunirukia.

Nikajiambia, kumbe dawa ni kutoonekana. Jumamosi iliyofuata nilisubiri ageuke, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Hapo ndipo nilipoharibu. Aligundua, akalia hadi sauti ikamkauka, na kwa wiki mbili baada ya hapo akawa ananing'ang'ania kama kupe. Hata nikienda chooni alisimama mlangoni akiita. Kwenye kikundi ndiyo kabisa: hakucheza, alikuwa analinda mlango.

Nikajaribu kumwelekeza kutoka barazani nilipokaa. “Imba basi! Mbona mwenzio anaimba?” Kila nilipofungua mdomo aliacha anachofanya akaniangalia. Kashata nazo nilizijaribu. Aliruka mara moja, akaja kudai ujira wake.

Bi Mwalimu ndiye aliyenitajia Mary Ainsworth, mtafiti ambaye kati ya 1954 na 1955 alikuwa akizitembelea familia 26 katika vijiji vya jirani na Kampala, akiwatazama watoto wachanga na mama zao. Aliona kwamba mtoto aliyeanza kutambaa humwacha mama akaenda kuchezea kitu, akageuka kumwangalia, akarudi kumgusa, kisha akaondoka tena. Mama ndiye kituo chake cha kutokea na kurejea. Nilishangaa kwamba haya yalitazamwa hapa hapa Afrika Mashariki. Nikamwambia lakini wale walikuwa wachanga, huyu wangu ana miaka minne. Akasema ni yale yale. Huyu anarudi kwa macho, akiona humjibu anarudi kwa utundu. Na kilio? Mbele ya watu mtoto hujikaza, akasema. Akimwona mama anautua mzigo.

Basi tukabadilisha. Nilipewa kigoda kimoja, mahali pamoja, karibu na jiko, na ungo wa mchele niuchambue. Masharti yalikuwa mawili: nisimwite, na akija nisimfukuze. Akija nimshike kichwa, nimwache aondoke mwenyewe anapotaka. Siku ya kwanza nilihesabu, alikuja mara 11. Mara nyingine hata hakufika, aliishia katikati ya ua, akaona nipo, akageuka. Hilo la kunyamaza lilinishinda zaidi ya yote, maana alipomsukuma mwenzake mdomo uliniwasha. Bi Mwalimu akaamua ugomvi ule bila mimi, na mwanangu akamsikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi.

Baada ya Jumamosi tatu hivi tukaanza kuaga. Sio kutoroka, kuaga. Nilichuchumaa nikamwambia, “Mama anaenda soko la Mgandini kununua nazi. Mkianza kunywa uji, narudi.” Saa hajui, lakini uji anaujua. Nilikuwa nimevaa doti mpya, nikafungua kanga ya juu nikamwachia, nikabaki na ya chini na baibui langu. Alilia, sikugeuka. Niliporudi vikombe vilikuwa vinagawiwa, naye ameikalia ile kanga, macho mekundu, anasimulia jambo kwa mikono miwili. Wiki moja nilichelewa sababu ya foleni ya mashine ya kukunia nazi, na ikabidi turudi nyuma hatua mbili. Tangu siku hiyo nazi nakuna mwenyewe nyumbani.

Sasa ile kanga imekuwa mali ya kikundi. Mara ni tanga la ngalawa, mara ni pazia la duka. Doti yangu sitaipata tena kamili.

Mwezi uliopita baba yake alipita kumwona anavyocheza. Nilimwonya, akasema mtoto wa kiume hadeki kwa baba. Hakumaliza dakika tano, mwanawe alikwishampanda mgongoni na kumvua kofia, duara limevunjika, watoto wote wanataka zamu. Bi Mwalimu alikuja na kigoda, akampa na ungo. “Baba, kaa hapa uchambue.” Wanawake tuligeuka tukajifanya tunaosha vikombe. Alikaa mpaka saa tano, kimya, na mtoto akarudi kuruka.

Wali wa jioni ile ulikuwa na mawe matatu.