Krauni imeng'oka? Usikimbilie kulaumu simenti

Jamani hii ya krauni (kofia ya jino) kung'oka halafu kila mtu anailaumu simenti (gundi inayoishikilia), mi naona mara nyingi shida iko kwenye maandalizi ya uso unaogundishwa. Tangu 1955, daktari wa meno Buonocore kule Marekani alipoonyesha kwamba ukipaka asidi ya fosforiki kwenye enameli (gamba gumu la nje la jino) resini, yaani plastiki ya kujazia na kugundishia meno, inashika zaidi, inajulikana gundi inataka pa kung'ang'ania. Siku hizi ni asidi ya kama 37%, sekunde 15 hadi 30, unaosha, unakausha, enameli inakuwa nyeupe kama chaki, hapo ndo unajua imekubali.

Krauni ya porseleni nayo inataka asidi ya hidrofloriki (kali hiyo, usiichezee mdomoni mwa mtu) halafu saileni (kemikali ya kuunganisha porseleni na resini). Sasa krauni ya zirkonia (kauri ngumu sana) ndo jeuri, haina glasi ndani kwa hiyo asidi hiyo haiifanyi kitu cha maana, inabidi uipulizie chembe za alumina, mikroni 50 hivi, presha isizidi sana, kisha praima (dawa ya kupaka kabla ya gundi) yenye MDP, kemikali inayoshikana na zirkonia. Na ukishaijaribisha mdomoni ikagusa mate, usiisafishe kwa asidi ya fosforiki! Fosfeti zake zinakaa palepale MDP ilipotaka kushika. Pulizia alumina tena au tumia dawa yake maalum ya kusafishia, ndo upake praima.