Flory alijua, na bado akasaini

Nimemaliza Burmese Days ya George Orwell usiku wa juzi na mpaka sasa sijatulia. Hii ndo riwaya yake ya kwanza, ilitoka Marekani mwaka 1934, Uingereza ikachelewa hadi 1935 kwa sababu mchapishaji aliogopa kushtakiwa na watu ambao wangejiona humo ndani, hadi majina mengine yakabidi yabadilishwe. Na hofu ilikuwa na msingi, maana Orwell hakuwa anasimulia mambo ya kusikia, alikuwa polisi wa serikali ya kikoloni huko huko Burma (Myanmar ya leo) toka 1922 hadi 1927, kituo chake cha mwisho kilikuwa Katha, mji mdogo kando ya mto Irrawaddy, na ndo huo anauita Kyauktada kitabuni.

Sasa Kyauktada wazungu unawahesabu kwa vidole na maisha yao yote ni klabu, asubuhi whisky jioni whisky, na katikati ni kuwasema vibaya wenyeji. Limekuja agizo kwamba klabu iingize walau mwanachama mmoja asiye mzungu, na hapo ndo kila mtu anavua ngozi. Anayefaa kuingia ni Dk Veraswami, Mhindi, daktari wa serikali. Si kwamba anataka kunywa nao, hapana, anahitaji ile heshima imkinge kwa sababu kuna hakimu mmoja Mburma, U Po Kyin, fisadi kupindukia, anamchafua kwa barua zisizo na jina la mwandishi, na mtu wa klabu hagusiki kirahisi.

Rafiki wa huyo daktari ni John Flory, mzungu wa kampuni ya mbao za mitiki. Wawili hawa wakikaa barazani kwa daktari ni kitu cha ajabu, mzungu ndo anautukana ukoloni, anasema tumekuja huku kuiba tu hakuna lingine, halafu Mhindi ndo anautetea, anataja hospitali, barabara, sheria, na anaamini kabisa anachosema. Nilirudia kurasa hizo mara mbili. Flory anaona kila kitu, tena anaona vizuri kuliko wote mle.

Halafu Ellis, yule mwenye chuki kuliko wote pale klabuni, anabandika ubaoni karatasi ya kupinga mtu mweusi yeyote kuingizwa. Wanasaini. Flory naye anasaini!! Hakushikiwa bunduki, hakutishiwa kazi, hakutaka tu kelele. Hapo nilifunga kitabu nikakaa.

Kwa sababu huyu mtu si mwoga wa mwili, na hili ndo naona watu wakikizungumzia kitabu hiki wanalipita. Mbele huko Ellis anampiga kijana wa shule kwa fimbo usoni, kijana anapofuka, umati unaizingira klabu kwa mawe, na Flory ndo anajitosa mtoni anaogelea gizani kwenda kuita askari. Mto usiku anauweza. Kinachomshinda ni kusema sikubali ndani ya chumba chenye watu sita wanaokunywa naye kila siku. Kabla ya fujo hizo alishajikaza na kumpendekeza daktari kikaoni, ndiyo, ila kwa kuchelewa, na wakati huo U Po Kyin keshasuka mambo yake.

Kuna tukio jingine dogo tu, mhudumu wa klabu anaeleza kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba ni vigumu kuzuia barafu isiyeyuke, Ellis anamfokea, anamwambia asiongee hivyo, aongee kwa kuvunja vunja maneno kama mtumishi, na kwamba wahudumu wakikijua Kiingereza sana itabidi wafukuzwe. Mtu anatukanwa kwa kuongea vizuri. Mimi naona sehemu hiyo inaeleza ubaguzi kuliko hotuba ndefu, kumbe walichokuwa wanakilinda si lugha, ni ule umbali.

Ila siwezi kumsifia Orwell moja kwa moja. Ma Hla May, yule binti wa Kiburma, Flory alimnunua kwa wazazi wake kwa rupia 300, ndiyo, huyu huyu Flory wa kulaani wizi wa wakoloni, na alipotokea Elizabeth, msichana wa Kiingereza, akamfukuza nyumbani. Mwandishi anatuonyesha hilo lakini haingii ndani ya kichwa cha binti hata kidogo, tunamwona anapiga kelele, anadai hela, hadi siku anaingia kanisani na kumwaibisha Flory mbele ya watu wote akiwa ametumwa na U Po Kyin. Tunajua kila jeraha la Flory, hadi lile baka la kuzaliwa shavuni ambalo maisha yake yote analificha kwa kugeuza uso, lakini la binti hatulijui. Nilitamani sana sura moja tu yenye macho yake yeye. Mwisho wake ni danguro huko Mandalay, anapewa mistari michache basi.

Flory baada ya aibu ile ya kanisani anampiga risasi mbwa wake halafu anajiua. Daktari anajaribu kumsitiri, anasema ni ajali. Na kwa kuwa ule urafiki na mzungu ndo ulikuwa ngao yake ya mwisho, anaanguka, anashushwa cheo na kuhamishiwa Mandalay. Huko anajiunga na klabu hafifu yenye mwanachama mmoja tu mzungu, mlevi aliyefukuzwa kazi kwenye kampuni ya meli za mtoni, na karibu kila usiku daktari anakaa naye anajaribu kumwingiza kwenye mazungumzo ya watu waliosoma, na yule hana habari, anawaza whisky.