Papa anayetembea kwa mapezi

Leo nimemwona papa akitembea. Naam, akitembea! Maji yalikuwa yamekupwa kwenye miamba ya matumbawe ya Heron Island, Australia, na jua lilikuwa linazama. Nikasimama kando ya kidimbwi, maji hayafiki hata magotini. Kitu chembamba cha rangi ya mchanga, chenye madoadoa, kikaanza kujikongoja juu ya matumbawe: pezi la kulia, la kushoto, mwili ukipinda kama mjusi. Nilipoona doa kubwa jeusi lenye ukingo mweupe nyuma ya pezi la kifuani, nilimtambua: Hemiscyllium ocellatum, papa mdogo ambaye kwa kawaida hafikii hata mita moja.

Kinachonigusa zaidi ni uvumilivu wake. Usiku maji yakipwa, viumbe waliobaki kwenye vidimbwi huvuta oksijeni mpaka inakaribia kwisha. Samaki wengi wangekufa. Huyu hupunguza mapigo ya moyo na upumuaji, na hata kazi za ubongo hushushwa ili nishati isiishe. Wakati huo huo anapata nafasi ya kuwinda minyoo na kaa pasipo wakubwa kumfikia.

Jike hutaga mayai, kwa kawaida mawili mawili, kila moja ndani ya ganda gumu la kahawia. Kitoto hukaa humo takriban miezi minne, kisha hutoka kikiwa na sentimita 15 hivi na kuanza kujitegemea papo hapo.

Sikumgusa. Nilimtazama tu mpaka akajipenyeza chini ya tumbawe, mkia ukiwa wa mwisho kupotea.