Tafakari ya wiki: Aliyeiona dhahabu wa kwanza

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa sana na Zaburi 142, ile ya Daudi akiwa pangoni, anatazama mkono wake wa kuume haoni mtu, hakuna wa kuijali roho yake. Nikamkumbuka James Marshall.

Huyu alikuwa seremala tu. Januari 24, 1848 alikuwa anakagua mfereji wa kinu cha kupasulia mbao pale Coloma, California, akaona vipande vinang'aa majini. Habari zikavuja, na ndani ya miaka michache watu kama 300,000 wakamiminika kule, wengine kwa meli wengine kwa mikokoteni ya ng'ombe, wameaga wake na watoto kwamba ni mwaka mmoja tu narudi. Wengi hawakurudi. Kipindupindu, kuhara, kiseyeye, mtu anafia kwenye hema kando ya mto na waliomzika hata jina lake kamili hawalijui, na kule nyumbani mama bado anasubiri barua.. hapo ndo naumia zaidi.

Na Marshall mwenyewe je? Kinu kilikufa maana vibarua wote walikimbilia dhahabu. Watu wakawa wanamwandama wakiamini ana karama ya kujua ilipo, asipowaonyesha wanamtishia. 1872 bunge la California likampa pensheni, baada ya miaka michache ikakatwa, akawa anauza kadi zenye sahihi yake apate chochote. Hakuoa, hakuacha mtoto. Agosti 10, 1885 akafa masikini kwenye kibanda chake huko Kelsey. Mwaka 1890 ndo wakamsimamishia sanamu kubwa kaburini, na kidole chake kinaonyesha pale alipoiokota dhahabu. Yani hata amekufa bado anaulizwa iko wapi!

Mimi siwezi kumwita mtu wa tamaa, alikuwa kazini kwake. Wanaonisumbua ni wale waliomzunguka, maana nimejiona humo. Baba mdogo wangu yuko machimboni Geita na kila nikimpigia naanza na, vipi umepata kitu? Sijawahi kumuuliza analala wapi. Nimetubu kwa hilo. Juzi usiku nikampigia tukaongea karibu saa nzima, dhahabu hakuitaja hata mara moja, alikuwa anauliza miguu ya bibi inaendeleaje.

Mwenye ndugu machimboni anitumie jina lake la kwanza tu, Jumatano kwenye maombi tutawataja mmoja mmoja.