Tulivyomfuata mlembe Sikonge

Ninaishi Freiburg, Ujerumani, karibu na vilima vya Kaiserstuhl. Kila Mei keremkerem wa Ulaya hurudi huko kutoka Afrika, wakachimba viota kwenye kuta za udongo katikati ya mashamba ya mizabibu. Huko ndiko nilikoanza kupenda ndege. Lakini matembezi yaliyonigusa kuliko yote ni ya Sikonge, Tabora, nilipokuwa likizo mwishoni mwa Oktoba.

"Mwangaluka, mwipwa wangu!" Mjomba, mrina asali tangu ujana, alikuwa ameshabeba shoka na ndoo. Miyombo ilikuwa imechipua majani mekundu kabla ya mvua. Tulipofika juu ya kilima, kundi la keremkerem likapita, aina ileile ya Kaiserstuhl. Mimi nikafurahi, Mjomba akasonya. "Hao wanakula nyuki wangu." Sikubishana naye. Mizinga yake ya magome ndiyo iliyowasomesha binamu zangu.

Tukiteremka, mlembe, ndege anayeongoza watu kwenye asali, akaanza kuita, sauti kama kiberiti kinachotikiswa. Ndege wa kijivu tu, koo jeusi, mdomo wa waridi. Akiruka unaona weupe pembeni mwa mkia. Mjomba akampigia mluzi, akagonga shina kwa shoka. Ndege akaruka mti wa pili, akatungoja, akaita tena. Tulimfuata mpaka kwenye mti mmoja mkubwa wa mtundu, na hapo akanyamaza. Nyuki walikuwa wanaingia kwenye tundu juu kidogo ya kichwa changu. Mjomba akawafukiza kwa mwenge wa nyasi, akatoa masega, kisha kipande cha nta akakiweka juu ya majani. "Huyu halipwi kesho," alisema. Mlembe hula nta yenyewe, chakula ambacho ndege wachache sana wanaweza kukimeng'enya.

Wahadza wa Eyasi nao humwita kwa mluzi. Wayao wa Niassa, Msumbiji, wana mwito wao mwingine. Ujuzi huu hauandikwi popote kijijini, unapokewa kwa kutembea na mzee. Ndiyo maana inaniuma kuona vijana wa kwetu wakimwachia Mjomba pori peke yake. Jamani, mliopo Tabora, nendeni naye wakati miguu yake bado ina nguvu. Mwanangu aliyezaliwa Freiburg nimeshaanza kumfundisha ule mluzi, na likizo ijayo nakuja naye.